Bartolomeo na Chembe Zisizoshika Kioo

Kama kuna mtu aliyewahi kunichosha roho kazini, ni Bartolomeo. Nasema hivi kwa mapenzi, lakini nasema. Mimi, Gabrieli, nilikuwa mganga wa zahanati ndogo ya misheni upande wa Mwamkulu, enzi zile Mpanda bado ni wilaya ya mkoa wa Rukwa, na mtu akiitwa mkoani Sumbawanga anaaga watoto kabisa. Asubuhi foleni inafika barabarani, kila mmoja na homa yake, na mimi nangoja majibu ya damu kutoka chumba cha pili. Majibu hayaji. Nakwenda kuchungulia, namkuta Bartolomeo ameinamia hadubini, jicho moja kalifumba, anatabasamu peke yake.

"Barto, malaria ipo au haipo?"

"Haipo."

"Umejua saa ngapi?"

"Kitambo kidogo."

"Sasa bado unaangalia nini?"

"Kuna moja inatembea."

Utamfanya nini mtu kama huyo? Ukimgombeza anasema "samahani, mzee," na kesho yake anarudia.

Alizaliwa Usevya, kule Mpimbwe, mtoto wa tano katika nyumba ya wakulima wa mpunga. Mama yake alitaka awe padre. Seminari ilimrudisha nyumbani baada ya mwaka mmoja kwa sababu, kama alivyosimulia mwenyewe bila haya, alichelewa kila mahali, hata kwenye chakula. Akasomea kazi ya maabara miaka miwili. Mradi wa malale ulipoingia kwetu kwa ajili ya mbung'o wa porini, ukamwajiri apime damu za warina asali na wafugaji. Mradi ukaisha, wakubwa wakapanda magari yao wakaondoka, wakaacha nyuma vitu vitatu: hadubini inayotumia kioo cha jua, baiskeli, na Bartolomeo. Misheni ikavichukua vyote.

Malale ndiyo iliyomharibu. Mdudu wa malale hutafutwa kwenye tone la damu mbichi, ambalo bado liko hai, kwa sababu anajulikana kwa kuchezacheza kwake katikati ya chembe nyekundu. Mpimaji wa kawaida akiona hakuna kinachocheza, anatupa kioo na kuchukua kingine. Bartolomeo hakutupa. Aliweka tone la maji ya chumvi upande mmoja wa kioo, upande wa pili akagusisha karatasi inayonyonya, na maji yakapita kama mfereji chini ya kioo chembamba kinachofunika damu. Chembe nyekundu zikasombwa. Zikabaki nyeupe, zile tunazowaambia watoto wa shule kuwa ni askari wa mwili, zimeng'ang'ania kioo. Hizo ndizo alizokuwa akizitazama. Alizichora kwa penseli kwenye daftari, kila baada ya dakika moja mchoro mmoja.

Jumamosi moja akanilazimisha nami nitazame. Nikaona tone la kijivujivu limetoa kitu kama ulimi upande mmoja. Ulimi ukasogea kidogo, mwili ukaufuata, nyuma kukabaki kamkia kembamba kanakoburuzwa.

"Mbele ni wapi?" akaniuliza kama mwalimu.

"Si hapo kwenye ulimi?"

"Robo saa iliyopita ilikuwa mviringo mtupu. Haikuwa na mbele wala nyuma. Nani kaiambia huku ndiyo mbele?"

Nikasema sijui, na sikuwa na haja ya kujua. Akanieleza hivyo hivyo. Kwenye ngozi ya chembe, kuzunguka pande zote, kuna protini zinazonusa. Vijidudu vikiingia mwilini vinatoa harufu yao. Upande wa chembe unaopata harufu zaidi, hata kwa tofauti ndogo mno, protini zake zinaamka. Zinaamsha nyingine zilizo ndani, hizo nazo zinaamsha wenzao, habari inapokezanwa, na mwisho wake upande ule unaambiwa: wewe ni mbele, toa mguu. Upande wa pili unaambiwa: wewe ni nyuma, jivute. Harufu ikihama, mbele nayo inahama.

"Askari anangoja amri ya mkubwa," akasema. "Hizi hazina mkubwa. Mimi hilo jina la askari silipendi."

Nikamwambia wagonjwa wanatungoja. Ilikuwa Jumamosi alasiri na hapakuwa na mgonjwa hata mmoja.

Basi, mwezi wa tatu mwaka tisini na nne, katikati ya mvua, akaja bibi mmoja wa Kisukuma aitwaye Kashinje, mgongoni ana kitoto kichanga. Mwanawe, Machibya, alikuwa amehamia kwetu na ng'ombe kutoka Shinyanga miaka sita nyuma, akajenga ng'ambo ya majaruba ya mpunga. Mtoto alikuwa wa kiume, anaitwa Ngusa. Mama yake, Minza, hakuja, kwa sababu kwa desturi ya nyumba ile mzazi hatoki nje mpaka kitovu cha mtoto kikatike. Siku hiyo bibi ndiye humtoa mzazi uani na mtoto wake, ndugu wakaitwa, uji ukapikwa. Kitovu cha kawaida hukatika katika wiki moja, zikizidi sana mbili. Cha Ngusa kilikuwa na siku ishirini na sita, kinaning'inia.

Nikamfunua. Ngozi kuzunguka kitovu ilikuwa nyekundu, na pembeni pana kishimo cha ukubwa wa punje ya choroko. Nikaminya. Hakikutoa usaha hata kidogo.

"Kidonda kisafi sana hiki, bibi," nikasema. "Nyie mnajua kutunza. Kitakatika chenyewe."

Kashinje hakufurahi. Akanitazama, akasema taratibu, "Daktari, wawili wa kwanza walikuwa hivihivi. Wasafi. Tukawazika wasafi."

Maneno hayo niliyasikia, masikio yangu hayana kasoro. Nikapaka dawa ya zambarau, nikaandika kwenye kadi "kidonda kisafi," nikaita mgonjwa anayefuata. Hilo ni kosa langu na sitalifunika kwa majani. Tulifundishwa kuuchukia usaha. Hakuna aliyenifundisha kuuliza uko wapi pale ambapo ulitakiwa kuwepo.

Siku tisa baadaye nilifika kazini nikamkuta mwanamke amekaa kwenye ngazi, amelowa mpaka magotini, kanga imewafunika yeye na mtoto.

"Wewe ni nani?"

"Minza. Mama wa Ngusa." Kisha akaongeza, "Nimetoka."

Mtu mgeni angedhani ameniambia jambo la kawaida. Mimi nilielewa. Alikuwa ametoka nje na kitovu bado kipo, amevuka majaruba peke yake kabla watu hawajaamka, baada ya kuzika watoto wawili ambao ukoo wa mumewe ulikwisha kuwaandika kwenye jina lake. Alijua akirudi atakuta nini. Alikuja hivyo hivyo, kwa sababu mtoto alikuwa anaungua kwa homa na kishimo sasa kilimeza ncha ya kidole. Kilikuwa bado kikavu.

Nikatoa tone la damu nikampelekea Bartolomeo. Homa, kwetu, inapimwa malaria na malale. Akachukua muda. Akachukua muda tena. Nikapiga ukuta kwa ngumi.

"Gabrieli, njoo," akasema. Hakuwa anatabasamu.

Chembe nyeupe zilikuwa nyingi kupita kiasi. Pale anapozoea kuona moja au mbili alihesabu arobaini. Nikasema basi hiyo ni saratani ya damu, tumwambie mama yule pole. Bartolomeo akatikisa kichwa. Akachukua pamba, akaenda kugusa ndani ya kidonda cha mtoto, akapaka kwenye kioo, akatia rangi, akatazama.

"Vijidudu vimejaa humu," akasema. "Chembe nyeupe hakuna. Hakuna hata moja, Gabrieli. Usaha ni chembe nyeupe zilizofika zikafia kazini. Huyu damuni anazo tele na kidondani hazifiki. Kwa nini hazifiki?"

"Utaniambia wewe."

"Ngoja."

Akaweka tone bichi la Ngusa, akapitisha maji yake ya chumvi. Nyekundu zikaondoka. Nyeupe nazo zikaondoka, zote kwa pamoja, kama makapi.

"Kioo chako kina mafuta," nikamwambia. "Osha vyombo vyako, Barto, usinitie wazimu mtoto anakufa."

Hapo ndipo nilipomwona amekasirika, mara moja tu katika miaka yote. Akaosha vioo kwa sabuni, akavipangusa kwa spiriti, akanishika mkono bila kuniomba na kunitoboa kidole kwa nguvu ambayo nadhani haikuwa ya lazima. Chembe zangu zikashika kioo. Akamtoboa Minza. Za Minza zikashika. Akarudia za mtoto kwenye kioo cha boksi lile lile, akanisukumia hadubini nione kwa macho yangu. Zilikuwa mviringo kabisa, zinabingirika. Baadhi zilikuwa zinatoa ulimi na kuurudisha, kama mtu anayepapasa ukuta gizani asiupate. Nikaona aibu. Nilikuwa nimemwita mtoto msafi.

Bartolomeo akaendelea kuhesabu kimya, midomo inacheza.

"Saba," akasema hatimaye. "Katika kila mia, saba zimebaki."

Misheni kulikuwa na redio ya upepo, ile ya kuongea na watu wa mbali, na sista aliyeitunza aliturusha hewani ilipofika saa nne. Huko Mwanza, kwenye maabara ya hospitali kubwa, alikuwepo mwalimu wa zamani wa Bartolomeo, mzee Celestin. Walimwita, tukangoja, redio inakwaruza. Bartolomeo akaeleza kwa kifupi: damu imejaa chembe nyeupe, kidondani hazipo, kwenye kioo hazishiki. Akamalizia kwa "nakabidhi," neno la redio la kumpa mwenzako zamu.

Celestin akauliza kitu ambacho Bartolomeo hakuwa amekitaja. "Kitovu kimekatika? Nakabidhi."

Nikasogea karibu na redio.

"Bado. Siku ya thelathini na tano. Nakabidhi."

"Ndugu zake? Nakabidhi."

"Wamekufa wawili. Nakabidhi."

Mzee akatueleza, huku sista akiandika kwenye kitabu cha nyimbo maana karatasi nyingine haikuwepo. Kuna protini ya kushika. Chembe inayosafiri ndani ya mshipa ikipata habari ya vijidudu, protini hiyo huambiwa kutoka ndani, shika sasa, na chembe inang'ang'ania ukuta wa mshipa, inajipenyeza nje, inakwenda kwenye kidonda. Hata kitovu hukauka na kukatika kwa kazi ya chembe hizo hizo. Kuna watoto wachache sana duniani wanaozaliwa na upungufu wa protini hiyo. Tumchome sindano kali leo, kitovu tukifunge na kukikata wenyewe, kisha mtoto ameze dawa ya septrini kila siku, na kila mchubuko, hata wa mwiba, utibiwe siku ile ile. Kwa uhakika kamili alihitaji kuiona damu kwa vyombo vyake, lakini tusingoje uhakika.

"Zinazoshika ni ngapi? Nakabidhi."

"Saba kwa mia. Nakabidhi."

Sista akageuza ukurasa.

"Zingekuwa hazipo kabisa ningekwambia umwite padre," sauti ikasema. "Wenye saba wanakua. Kwa taabu, lakini wanakua. Na jambo lingine. Hii inatoka kwa baba na kwa mama, nusu kwa nusu, na wote wawili ni wazima. Kila mimba ni bahati mpya, mmoja kwa wanne. Waambie wote wawili. Nakabidhi."

Tukamlaza Ngusa kwenye chumba cha sindano. Bartolomeo akapanda baiskeli kwenye matope hadi Makanyagio, mjini Mpanda, kutafuta septrini ya maji, akarudi nayo ndani ya kofia. Kitovu nilikifunga na kukikata mwenyewe siku ya pili. Siku ya tatu homa ilishuka na mtoto akanyonya kwa hasira, mlio wake unasikika mpaka kwenye foleni.

Siku hiyo ya tatu ilikuwa siku ya treni. Saa tano akaja Machibya akikokota baiskeli. Kwenye keria alikuwa amefunga sanduku, mkeka na bakuli la Minza. Mama yake, Kashinje, alikuwa nyuma yake kidogo. Minza alikuwa kwenye benchi la nje na mtoto, akaliona sanduku lake, akainamisha kichwa.

Machibya alikuwa mtu mrefu, mpole wa maneno, na mpole wa maneno ndiye anayenitisha. "Mwangaluka, daktari," akanisalimia. "Mmefanya kazi, nashukuru. Nimekuja kumchukua huyu nimfikishe stesheni. Arudi kwao."

"Na mtoto?"

"Aende na mtoto wake. Kwangu ni wa tatu huyu. Na ametoka nje kitovu kipo. Nyumba imechoka."

Nikamvuta Bartolomeo ndani. "Mwambie ni ugonjwa wa mtoto, basi," nikamnong'oneza. "Hiyo habari ya nusu kwa nusu iache. Ukimwambia mwanaume kama huyu kwamba na yeye yumo, atawaacha wote wawili hapa hapa benchini."

"Nikimpa nusu ya habari, huyu mama anapanda treni na nusu ile nyingine," Bartolomeo akajibu. Akatoka, akamwita Machibya chumbani kwake, akamkalisha kwenye kigoda mbele ya hadubini. Nami nikaingia, maana kama ni kupigwa, tupigwe wote.

"Ng'ombe wako kiangazi, wakiwa mbali na maji, wanajuaje pa kwenda?" Bartolomeo akaanza.

Machibya akashangaa kidogo. "Wanasikia harufu. Wananyanyua pua."

"Na mwili?"

"Mwili unafuata kichwa. Utafuata nini kingine?"

"Katika damu yako kuna wanyama wadogo wa namna hiyo. Tofauti ni kwamba hawana kichwa. Upande unaopata harufu ndio unaokuwa kichwa siku hiyo." Akanitoboa tena mimi, ambaye kidole changu kilikuwa bado kinauma, akamwonyesha damu yangu. Machibya akainama. Alikaa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Kanasogea," akasema.

"Sasa tazama huyu mwanao." Akaweka tone la Ngusa la asubuhi ile, akapitisha maji. "Wa mwanao wana pua. Wanasikia harufu, wanageuka. Lakini wako mtoni, maji yanawachukua, na ili wafike kwenye kidonda lazima wapande ukingo. Kwato zao hazishiki. Wapo wanaoshika, saba kwa mia, hao ndio tunaowasaidia kwa dawa."

"Nani kaziharibu kwato?"

Nilitazama dirishani. Bartolomeo hakutazama dirishani.

"Hakuna aliyeziharibu. Kila mtu anarithi maelekezo mawili ya kuzitengeneza, moja la baba, moja la mama. Wewe unalo moja zima na moja bovu. Minza vilevile. Lile zima linatosha, ndiyo maana nyie ni wazima. Mtoto akipata mabovu yote mawili, anazaliwa hivi. Bovu moja ni la Minza. Moja ni lako."

Machibya akaunyoosha mkono wake mezani, kiganja juu. "Pima."

Akapimwa. Chembe zake zilishika kioo kama za mtu yeyote. Alizitazama, kisha akauliza bila kunyanyua jicho, "Na wale wawili?"

"Nafikiri ugonjwa huohuo. Siwezi kuapa. Lakini bibi alisema walikuwa wasafi."

Mabega ya Machibya yakaanza kutikisika. Sikuwa nimewahi kumwona mfugaji wa umri ule akilia na sikujua niangalie wapi. "Yule wa pili," akasema, "nilimpiga kwa ajili yake. Minza. Nilimpiga siku ya msiba."

Nami nilikuwa na la kwangu la kujibu, na hakuna aliyeniuliza.

Akatoka nje. Akasimama mbele ya benchi akaanza kuongea Kisukuma kwa sauti ya chini, haraka haraka. Minza hakunyanyua kichwa. Alimwacha afike mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili, "Sema na wao wasikie. Nilivyosemwa, nilisemwa mbele za watu."

Nilidhani Machibya atageuza baiskeli. Akaigeukia foleni.

"Watoto wetu walikufa na kosa si la Minza," akasema. "Nusu ni langu. Nilimpiga kwa jambo ambalo nusu yake ni langu."

Minza akageuza uso kwa mkwewe, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayo, umesikia?"

"Nimesikia," Kashinje akasema, akaketi chini palepale kwenye matope, akalia. Alikuwa anawalilia wale waliozikwa, alisema baadaye, kwa sababu alikuwa hajapata nafasi ya kuwalilia bila kumtafuta mchawi.

Ndipo Minza akamnyooshea mumewe mtoto. Machibya akampokea kama mtu anayepokea kitu cha moto, mikono imenyooka mbele.

"Mshike shingo," Minza akamwambia. Akainuka, akafungua mwenyewe kamba za sanduku lake kwenye keria, akaliingiza ndani ya zahanati, kwa sababu sindano zilikuwa zimebaki za siku nne na alikuwa na nguo za kubadilisha.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi tangu hapo. Ngusa alitutoa jasho. Fizi zake zilivimba kila meno yalipoota. Alipokuwa na mwaka na nusu mwiba wa mgunga ulitaka kumwondoa, tukakesha naye. Walimpeleka Mwanza kwa treni na barua yetu, na mzee Celestin akaiona damu kwa vyombo vyake, akatuandikia kwamba Bartolomeo alikosea kidogo: zinazoshika ni tisa, si saba. Barua hiyo Bartolomeo aliibandika ukutani, na mimi nilimtania mwaka mzima kwamba hajui kuhesabu. Machibya naye akawa kero. Mtoto akikwaruzwa na kuku, baba yuko mlangoni, baiskeli ameitupa chini, anataka ahudumiwe kabla ya wajawazito. Nilimgombeza, na moyoni nilifurahi kila nilipoisikia ile baiskeli ikianguka.

Na mimi nilijifunza kuangalia. Tangu mwaka ule kidonda kisicho na usaha nakitazama mara mbili, na Bartolomeo akichelewesha majibu napiga ukuta, lakini napiga polepole.

Mwaka tisini na saba, mwezi wa saba, Minza akajifungua tena, mara hii palepale zahanati. Mtoto wa kike, kilo tatu na ushee. Kulipopambazuka vizuri na jua likatosha kioo cha hadubini, Machibya mwenyewe ndiye aliyeleta mtoto chumbani kwa Bartolomeo, shingo ameishika sawasawa. Kisigino kikatobolewa, tone likawekwa. Mmoja kwa wanne, sote tulikuwa tunaijua hesabu hiyo, na mimi nilijikuta nimeshika kizingiti cha mlango.

Bartolomeo akachukua maji ya chumvi. Machibya akamzuia mkono.

"Kabla hujamwaga," akasema, "jina tumeshampa. Anaitwa Monika. Mama yangu anachemsha uji, ndugu wameitwa, kitovu hatukingoji. Zikishika, zisishike, huyu anakwenda nyumbani."

"Sawa," Bartolomeo akasema.

Akapitisha maji, akainama, akafumba jicho moja. Nikangoja. Nilitaka kupiga ukuta.

"Zimeshika," akasema. "Zote. Kuna moja inatembea."

Nikageuka nimpe mkono Machibya. Hakuwepo. Alikuwa ameshatoka kumrudisha mtoto kwa mama yake, maana asubuhi ile kulikuwa na baridi.